Firigisi Haikatwi

Sogeeni. Anayetafuna muwa autue kwanza, maana hadithi hii nikiianza sirudi nyuma, na nikiimaliza mtagombana. Nimewahi kuwatega nayo watu waliosoma hadi wakavaa miwani. Walikuja wameshikana mikono, wakaondoka hawasalimiani. Haya, na ninyi tuwaone.

Pale Mombo, chini kabisa, barabara inapoacha tambarare na kuanza kuupanda mlima, walikaa majirani watatu. Kila mmoja alijaliwa kitu kimoja. Kimoja tu, msiwaongezee.

Chausiku, mkaanga maandazi, alijaliwa pua. Akipita nje ya ukuta wako atakwambia kitunguu chako kimeshika rangi au kimepitiliza. Mumewe aliacha sigara, na wala hakuacha kwa kupenda.

Mzee Singano alijaliwa mikono. Miaka thelathini alitengeneza mashine za kiwanda cha mkonge, akastaafu na vidole vyake vyote kumi, jambo ambalo wenzake wengi hawakuliweza. Hakuwa na nguvu za kutisha. Alikuwa na subira. Angefungua kizibo cha chupa utadhani anamvua mtoto mchanga shati.

Mhina, muuza maziwa, alijaliwa kipimo. Kiunoni kilining'inia kikombe chake cha bati, cha robo lita, na kitu chochote cha majimaji hakikupita mbele yake bila kuhesabiwa. Mvua ikinyesha, atakwambia pipa lako limeingia vikombe vingapi. Alijaliwa na mdomo pia, lakini huo hatuuhesabu.

Katikati yao alikaa Bibi Mwanakombo na bintiye Zamoyoni. Bibi alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alimfunika jicho la kulia, kisha la kushoto, na sasa mwaka wa nne dunia kwake ilikuwa ukungu wa maziwa. Majirani wale aliwajua kwa masikio, maana Chausiku na Mhina walihamia ukungu ukiwa umekwisha kushuka: Chausiku kwa kandambili zake, Mzee Singano kwa kikohozi, Mhina kwa mluzi. Lakini lililomuuma zaidi hakumwambia mtu. Uso wa Zamoyoni ulikuwa unamtoka. Akijaribu kuukumbuka, unamjia ule wa utotoni, wenye pengo la meno mawili.

Siku moja habari ikashuka kutoka mlimani: madaktari wa macho wamekuja hospitali ya misheni, wanapasua watu kwa juma moja tu, mwisho Ijumaa. Zamoyoni alikuwa na gari dogo jeupe, otomatiki, la mkono wa tatu, alilonunuliwa na kaka yake.

"Mama, Alhamisi tunapanda," akasema.

Alhamisi asubuhi Bibi akavaa doti yake mpya ya kanga, akaketishwa kiti cha nyuma na mto kiunoni. Zamoyoni akawasha, akaweka gia, akakanyaga. Loo! Injini ikanguruma kama fahali, gari likatambaa kama kobe. Walipofika mwinuko wa kwanza tu, ule hata mbuzi mzee haupumulii, gari likapiga kelele na kurudi kinyumenyume. Watu waliokuwa wakinywa chai wakalisukuma hadi uani kwa Bibi.

Fundi wa stendi akaja, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Giaboksi imekufa. Tuagize nyingine, wiki mbili."

Basi la kule misheni hupanda siku ya gulio tu, na gulio lilikuwa limepita. Teksi pekee ya karibu ilikuwa imepeleka maharusi Tanga. Bibi akabaki kwenye jamvi kibarazani na doti yake mpya. Hakulia. Alikuwa anaikunja ncha ya kanga na kuikunjua, anaikunja na kuikunjua, na Zamoyoni aliyekuwa akimtazama ndiye aliyelia.

Sasa sikilizeni vizuri, na mwenye vidole avitumie.

Bibi alisikia kandambili. Chausiku kaja na maandazi. Kabla hajasalimu, kandambili zikanyamaza.

"Zamoyoni, nani kaunguza mafuta hapa?"

"Mafuta gani, dada? Leo hata jiko sijawasha."

"Mimi niambie mengine, si hilo." Kandambili zikazunguka gari, zikasimama mbele, kwenye boneti iliyo wazi. Kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi kilikwisha kupotea zamani, mahali pake fundi mmoja alichomeka waya mnene na kipande cha mpira. Chausiku akauchomoa, akaunusa, akakohoa. "Astaghfirullah! Huku ndani mna mtu anakaanga maandazi kwa mafuta ya mwaka juzi. Hii mashine haijafa. Imechoshwa. Mimi mafuta yangu yakifika hapa, andazi halivimbi hata ulisomee dua. Unayamwaga, unatia mapya."

"Fundi kasema imekufa."

"Fundi kaisikiliza. Mimi nimeinusa."

Basi, kama si pua ile, gari lingekaa uani wiki mbili likingoja giaboksi lisiyoihitaji, na madaktari wangekwenda zao. Hilo la kwanza. Likunjieni kidole.

Bibi akasikia kikohozi. Mzee Singano kaitwa. Akazunguka gari, akainama. "Chini pakavu. Hakuna tone. Kwa hiyo hayajapungua, yamechoka tu, kama alivyosema Chausiku. Zamoyoni, kimbia dukani kachukue mafuta mekundu ya giaboksi, mtajie gari lako. Na uniachie beseni."

"Beseni la kufulia, babu?"

"Kwani una la kuogea farasi?"

"Haya, ila mkimaliza tu nayamwaga shimoni. Nina nguo."

Jeki ikapandisha, magogo yakawekwa pande zote, mzee akaingia chini kwa mgongo. Boliti ya kumwagia ilikuwa imeliwa na kutu, imeng'ang'ania kama kupe. Yule fundi wa stendi, ambaye hakuwa ameondoka maana anapenda kuona watu wakishindwa, akasema, "Piga nyundo, mzee."

"Nikipiga nyundo itavunjika shingo, na wewe utafurahi."

Akaipaka mafuta ya taa. Akaifunga kitambaa cha maji ya moto. Akangoja. Akafunga kitambaa kingine. Akangoja tena, hata Bibi pale kibarazani akadhani amelala. Kisha, jambo la ajabu, akaikaza kwanza, kidogo tu, kama anayemkubalia mtu mbishi. Halafu ndipo akairudisha. Bibi akasikia sauti nyembamba: kwii. Kisha maji mazito yakianguka ndani ya beseni.

Kama si mikono ile, boliti ingekatika, na gari lingekuwa beseni la chuma. Hilo la pili.

Mafuta yakashuka, meusi kama kahawa ya msibani, yakadondoka, yakakoma. Adhana ya adhuhuri ikaita. Mzee akarudisha boliti, akanawa kwa sabuni na mchanga, akaenda msikitini. Chausiku akaenda kuuza. Bibi akabaki peke yake, na mara akasikia mluzi.

"Shikamoo Bibi! Maziwa yako haya. Heh, na hili beseni la neema la nani?"

"Marahaba. La gari hilo, mwanangu. Zamoyoni anakuja kulimwaga."

"Kumwaga! Mchwa wanakula nguzo za banda langu tangu Mfungo Mosi, halafu mtu amwage dawa!" Bibi akasikia bati likigonga bati, gudu, gudu, gudu, kisha mluzi ukaondoka na baiskeli.

Wote mnajua mafuta machafu yanavyotafutwa pale kwetu kwa nguzo. Msijifanye mmeshangaa.

Mzee Singano akarudi, Zamoyoni akarudi na dumu jipya. Mzee akachungulia beseni. Kikohozi kikakatika.

"Zamoyoni. Mafuta yako wapi?"

"Sijayagusa, babu! Ndiyo kwanza nafika."

"Kayachukua Mhina," akasema Bibi. "Kuna ubaya?"

Mzee akaketi juu ya gogo. "Bibi, kijiti hakuna, tuna waya tu, na waya hauna alama. Nilitegemea kupima yaliyotoka ili nirudishe vilevile. Nikizidisha, yatapiga povu na gia hazitashika. Nikipunguza, yataungua upya hata kona ya tatu hatujafika. Mimi kubahatisha sijui."

Bibi akaikunja ncha ya kanga, akaikunjua.

Wakamwita Mhina. Alikuja mbio, mikono myeusi hadi viwikoni, nguzo zote zimekwisha kupakwa, harudi nayo hata tone. Zamoyoni akamrukia. "Mhina, umemuua mama yangu! Nani alikutuma kwenye beseni langu?"

"Mimi nimesaidia! Si ulikuwa unayamwaga?"

"Yalikuwa kiasi gani?" akauliza Mzee Singano, polepole, kama alivyoilegeza ile boliti.

Mhina akakasirika kweli. "Mzee, unanitukana? Kitu cha maji kipite mkononi mwangu nisikijue? Vikombe kumi na tatu. Cha kumi na tatu kilijaa hadi ukingoni, na beseni likabaki na ukoko usiofika kijiko."

"Una hakika?"

"Nina watoto watano, mzee, na wakati mwingine nakosea majina yao. Vikombe sikosei."

Wakakiosha kikombe kile kwa sabuni, wakakikausha kwa kitambaa safi. Mhina akachota mafuta mapya, mekundu kama juisi ya rosela, Mzee Singano akayapitisha kwenye mpira mwembamba uliotiwa shingo ya chupa iliyokatwa iwe faneli, na Bibi kibarazani akahesabu kwa sauti: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Kama si kikombe kile, mafuta mapya yangeingia kwa kubahatisha, na mlima haubahatishwi. Hilo la tatu. Vidole mnavyo?

Zamoyoni akawasha. Akakanyaga breki, akaipeleka gia nyuma, akangoja, katikati, akangoja, mbele. Gari likashtuka kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake, likaenda. Fundi wa stendi akakumbuka ana kazi mahali.

"Humo ndani bado kuna ya zamani yaliyojificha," Mzee Singano akaonya. "Mwezi ujao tunayabadili tena. Lakini kesho, panda."

Ijumaa alfajiri wakapanda. Zamoyoni aliniapia kwamba kona zote zile gari halikunung'unika, na Bibi, kiti cha nyuma, alikuwa akilisemesha: "Twende, mwanangu, twende." Saa nne akaingia kwa daktari, mtu wa mwisho kwenye orodha. Jumamosi wakamfungua bandeji jicho la kulia.

Kitu cha kwanza alichokiona ni mwanamke mtu mzima, ana mvi tatu juu ya paji la uso, anauma kanga asilie. Bibi akamtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Zamoyoni, mbona pengo liliziba zamani na hukuniambia?" Wakacheka, wakalia, nesi naye akaingia humohumo.

Jumapili Bibi akachinjisha jogoo wake mkubwa, akawaita watatu wale. Walipoingia akawakagua mmoja mmoja kwa jicho moja kama afisa wa uhamiaji.

"Chausiku, kumbe u mzuri hivyo na kandambili zako zinapiga kelele vile! Mzee Singano, umezeeka, ndugu yangu. Na wewe je?"

"Mhina, Bibi."

"Muongo! Mluzi ule ni wa mtu mrefu."

Wali ukapakuliwa. Bibi akakataa kusaidiwa. Kwa mkono wake na kwa jicho lake akachungulia chunguni, akaitafuta, akaiona, akaiinua kwa kijiko: firigisi. Na ninyi mnajua, jogoo ana mapaja mawili na mabawa mawili, lakini firigisi ni moja, nayo hupewa mtu mmoja anayeheshimiwa kuliko wote jamvini.

"Ikateni vipande vitatu," Zamoyoni akasema.

"Firigisi haikatwi," Bibi akajibu. "Ukiikata, umewaambia watu asanteni vipande vipande. Na mimi sina asante ya kipande."

"Basi kula wewe, mama."

"Nani anapewa zawadi kwa kuugua?"

Chausiku akakohoa kidogo. "Mimi sisemi kitu. Ila bila pua yangu, gari lingekuwa bado linangoja wiki mbili zake. Mwanzo wa safari ni kujua unaumwa nini."

"Kujua si kufungua," akasema Mzee Singano. "Ungeyanusa yale mafuta hadi Idi. Nani aliyatoa?"

"Kutoa si kurudisha," Mhina akarukia. "Mkono wa mzee ulifika mwisho, ukaketi juu ya gogo, mlimwona."

"Uliuketisha wewe!" Chausiku akafoka. "Usingeiba beseni, nani angekingoja kikombe chako?"

"Nisingechukua, Zamoyoni angemwaga shimoni. Alisema mwenyewe! Shimo lingewaambia vikombe vingapi?"

Zamoyoni akainama, akaanza kuchambua mchele uliokwisha kuiva.

Bibi Mwanakombo akashika kijiko juu ya sahani tatu. Jicho lake likaenda kwa Chausiku, likaenda kwa Mzee Singano, likaenda kwa Mhina, likarudi. Miaka minne aliomba aone, na sasa anaona nyuso tatu, zote zinamdai mapenzi sawa, na mkono hauteremki.

Mimi nimewaachia hapo hapo. Ninyi mliosoma, kijiko hiki hapa. Pua, mkono, au kikombe: firigisi ungeiteremsha kwenye sahani ya nani? Amueni upesi, mchuzi unapoa, na paka wa Zamoyoni naye amekaa karibu ya jamvi, anajua anachokitaka.