Simba Aliyesukwa Twende Kilioni

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Paukwa!"

"Pakawaaa!"

"Palikuwa na nini?"

"Na kichwa!"

"Kichwani na nini?"

"Na nywele!"

"Zikaenda wapi?"

"Tuambie wewe!"

Haya, tulieni, na wewe pale acha kuchokoa pua. Palikuwa na Simba mmoja, mnene, mlafi, mwenye nywele zilizomzunguka kichwa mpaka mabegani. Hakuogopa kitu ila kimoja: kuzikosa nywele zile. Ng'ambo ya mto alikaa simba kijana, jina lake Kidume. Kila alfajiri Kidume alinguruma, "Mzee, bado zipo?" Naye Simba hujibu, "Zipo!" Siku atakayonyamaza, ufalme umekwenda.

Basi akatoa amri. Wanyama wadogo wamwoshe kwa zamu juu ya jiwe jeupe, na kila mwoshaji aje na mtoto wake, amlaze chini ya mguu wa Simba. Mnajua kwa nini? Subirini.

"Unywele wangu ukienda," alisema Simba, "mtoto wako anakwenda."

Zamu ikamwangukia Bi Pimbi wa majabalini, mama wa watoto watatu. Akaja na magadi, kama walivyofanya wenzake, akaosha, chwa, chwa, chwa. Nywele zikakakamaa, zikashikana kama nyasi za kiangazi. Unywele mmoja ukadondoka juu ya jiwe. Tii!

"Wangu umekwenda," alisema Simba. Gubu! Mtoto wa kwanza akaliwa, na mama yake bado ana povu mikononi.

Wiki iliyofuata, zamu ikiwa bado yake, Bi Pimbi akaona bora aseme kweli.

"Bwana Mkubwa, nakuapia, mimi sikuung'oa. Nywele hufa zenyewe kila siku, na nyingine huota. Hata mimi zangu hupukutika."

Simba akamkazia macho. "Unasema ninakufa?"

"Nasema nywele, bwana."

"Nywele zangu ndiyo mimi. Osha!"

Chwa, chwa, chwa. Tii! Gubu! Mtoto wa pili.

Akabaki Sikujua, kitinda mimba. Bi Pimbi alirudi pangoni akalia mpaka sauti ikakauka. Aliichukia mikono yake mwenyewe. Siku mbili hakula. Siku ya tatu Sikujua akalia njaa, ikambidi mama mtu ajikokote jikoni, akapika mlenda, ile mboga ya kuteleza. Mlenda ukamtiririkia mkononi, na manyoya yaliyokuwa yameshikana kwa magadi yakaachana, laini, na yale yaliyokwisha kufa yakatoka bila kuvutwa. Bi Pimbi akayatazama sana. Kisha akaacha kulia.

Nyie mnakwenda dukani kununua kondishena ya kopo. Bi Pimbi alichemsha mlenda chungu kizima.

"Bwana Mkubwa," alisema, "leo nina dawa. Lakini nikishaipaka nasuka, na nikishasuka hapafumuliwi kitu mpaka mwezi uandame."

"Na unywele ukianguka?"

"Sikujua huyo, yuko chini ya mguu wako."

Akapaka, chwa, chwa, chwa. Hakuchana. Akasuka mistari myembamba ya kubana, ule msuko uitwao twende kilioni. Kilioni kwa nani, mtaona. Simba akakagua jiwe zima. Hakuna! Wiki ya pili akamwagiwa mlenda juu ya misuko, chwa, chwa, chwa. Hakuna! Wiki ya tatu, hakuna! Nywele zilikuwa zikifa kama kawaida, ila zilifia ndani, zikashikiliwa na zilizo hai.

"Mzee, bado zipo?" alinguruma Kidume.

"Zimezidi!"

Lakini mlafi hatosheki, jamani. "Siku ya kufumua," alisema Simba, "wanyama wote waje. Na Kidume avuke mto, aje aone, akate tamaa."

"Shauri lako, bwana," alisema Bi Pimbi.

Mwezi ukaandama. Wanyama wakajaa. Kidume akavuka, akakaa pembeni, maji yanamchuruzika. Bi Pimbi akamwaga mlenda, akafumua msuko wa kwanza, akapitisha vidole toka mashinani hadi nchani. Likatoka fungu. Msuko wa pili, fungu. Msuko wa tatu, fungu. Nywele za mwezi mzima zikatoka siku moja. Akazirundika mbele ya macho ya Simba mpaka lundo likamfunika Sikujua.

Na kichwani? Kichwani zilikuwa tele, zinang'aa, laini kuliko siku aliyotawazwa. Kila mnyama aliziona. Kidume pia aliziona. Hakuna aliyefumbua mdomo. Simba peke yake hakuziona, maana macho yake yalikuwa kwenye lundo.

"Zako zimekwenda, bwana," alisema Bi Pimbi.

Kidume akauliza polepole, "Mzee, bado zipo?"

Simba akanyamaza. Mguu ukamlegea, Sikujua akachomoka.

Angesimama apigane, meno ya Kidume yangeishia kwenye nywele zile nene, yasifike shingoni. Lakini yeye aliamini amekwisha. Akageuka, akakimbia, na Kidume akamrukia mgongoni. Kwaa! Uti ukavunjika. Hakufa upesi. Alikufa akimwita Bi Pimbi aje azihesabu tena.

Wanyama wakapiga vigelegele. Bi Pimbi alimkumbatia mwanawe, analia, anacheka. Vigelegele havijaisha, Kidume akapanda juu ya jiwe jeupe, akajilaza, akanyoosha mguu.

"Mwoshaji yuko wapi?" aliuliza. "Na aje na mtoto."

Bi Pimbi akatega sikio ng'ambo ya mto. Kimya.

"Mlenda upo, bwana," alisema. Akamlaza Sikujua chini ya mguu, akaanza kusuka taratibu, huku akingoja simba mwingine angurume.

Ngano yangu nimeifumua hadi ncha. Zilizong'oka okoteni nyie, zilizobaki kichwani ni zangu.

Na funzo lake? Wanangu, mwambieni mkubwa ukweli daima. Ukweli haujamwua mtoto wa mtu.