Kwa Nini Waitalia Husema "Auguri" Bila Kutazama Juu

Sogeeni, kisa chenyewe si kirefu. Zamani, kabla ulimi wa binadamu haujapewa ruhusa ya kumtakia mwenzake mema, kazi hiyo ilikuwa ya ndege. Huko Italia, katika kijiji kimoja cha mlimani, hakuna aliyeoa wala aliyepanda ngano mpaka Mzee Tullio, mtazama ndege, aseme. Ndege wakiruka kuelekea kulia, mzee alipaza sauti, "Auguri," yaani heri imekuja. Wakiruka kushoto, shughuli ilivunjwa. Na kabla hajasema, ilikuwa mwiko kumtakia mtu jema lolote, hata mama kwa mwanawe.

Basi ikafika siku ya harusi ya Marzia, binti aliyempenda mchumba wake Nevio mpaka akawa anatia chumvi mchuzi mara mbili. Mikate imeiva, kondoo amechomwa, wageni wamejaa uani, na wote wamefunga midomo wasiponyokwe na neno la heri. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita, kilimani kwa Mzee Tullio kimya. Mila ilisema jua likizama bila neno, uchumba umekufa. Mama yake alimsuka nywele, akazifumua, akazisuka tena, machozi yakimlengalenga. Marzia alitamani hata atukanwe, mradi asikie sauti ya mama.

Jua lilipoanza kuinama, alikunja gauni akapanda kilima mwenyewe. Akamkuta Mzee Tullio ameketi, njiwa kundi zima wamemzunguka wakidonoa mkate wa harusi aliopelekewa. Walikuwa wameshiba, hawana habari ya kuruka.

"Nimewapigia makofi, nimewabembeleza," mzee alisema kwa unyonge. "Ndege aliyekaa hasemi kitu, mjukuu wangu."

"Na wewe, babu, unanitakia nini?"

Mzee alipangusa makombo mapajani. Tangu arithi kazi ile, hakuna aliyewahi kumuuliza. "Nakutakia mema," alisema mwishowe. "Tangu ulipozaliwa nakutakia mema."

"Basi kawaambie."

Aliiogopa mila, lakini alimwogopa zaidi binti aliyesimama mbele yake kajishika kiuno. Akainuka, akalikabili bonde. "Ndege hawajasema. Nasema mimi. Auguri, Marzia!"

Kijiji kilipigwa na butwaa. Kisha sauti ya mwanamke, iliyokauka kwa kungoja, ikapanda kutoka uani: "Auguri, mwanangu." Marzia aliitambua, akaangua kilio cha furaha. Hapo kila mtu akafungua kinywa, Nevio akiwapita wote kwa kelele, mpaka njiwa wakashtuka wakaruka. Hakuna aliyetazama walikoelekea.

Na tangu siku hiyo, Waitalia hawamngoji ndege. Harusi ni auguri, Krismasi ni auguri, mtoto akitimiza mwaka au mtu akipata kazi, auguri. Ila ukimtakia mtu kabla siku yake haijafika, watakukunjia uso, maana heshima hiyo kidogo wamewaachia ndege. Siku yenyewe ikifika, mama ndiye wa kwanza kusema.