Tanga la Mzee Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo ni pakawa gani, kama mmekatazwa kula? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Kunjeni miguu, wengine wapate pa kukaa. Atakayesinzia nitamwita kwa jina la babu yake mbele ya wageni.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata mama yangu alizisikia tu, palikuwa na bonde kavu. Mto ulipita mbali, nyuma ya kinamasi cha matete. Ukitaka maji unaondoka asubuhi, unarudi jioni, na mtungi umebaki nusu kwa sababu nusu nyingine umeinywa njiani. Wanyama wa bonde hilo walikuwa na midomo mikavu na hasira za karibu.

Mkubwa wao alikuwa Mzee Kiboko. Siku moja akasema, "Mimi nitauleta mto nyumbani." Wakamcheka. Akaingia kwenye matete kwa kifua chake, akasukuma, akakanyaga. Akasukuma, akakanyaga. Akasukuma, akakanyaga, mpaka mfereji ukafunguka na maji yakashuka bondeni. Watoto walikimbia kandokando yake wakipiga kelele, maana wengine hawakuwahi kuona maji yanayotembea.

Hilo ni kweli. Na hili nalo ni kweli.

Bi Nungunungu alikuwa amemwambia mapema, "Mzee, shimo langu liko hapo unapopitisha mfereji. Ningoje nihame, wanangu bado wadogo." Mzee Kiboko hakupenda kuambiwa ngoja. Akajibu, "Mkubwa hangojeshwi." Maji yakaja asubuhi ile ile, yakaingia shimoni. Bi Nungunungu alitoka na watoto wawili. Wa tatu, kitindamimba wake, alichukuliwa na maji.

Mzee Kiboko hakwenda kutoa pole. Mfereji ukaota yungiyungi, yeye akazeeka, Bi Nungunungu akachimba shimo jingine juu ya kilima, na pole haikufika.

Basi, Mzee Kiboko akafa.

Eti? Alikuwa mwema au mbaya? We mtoto, umekuja kusikiliza hadithi au umekuja kuhukumu? Tulia. Wenzako wa bondeni waliuliza hivyo hivyo, na karibu wamuue mtu.

Bonde lile lilikuwa na desturi. Mtu akifa, mfiwa hukaa tanga juu ya mkeka, nchi kavu, hagusi maji, mpaka usemwe wasifu wa marehemu. Anasimama mmoja, anaeleza marehemu alikuwa nani. Waliohudhuria wote wakiitikia "Ndiye!" tanga linaanuliwa, mfiwa anakwenda kuoga. Lakini akitokea hata mmoja akasema "Siye!" tanga haliondoki.

Mfiwa alikuwa Tunu, binti pekee wa Mzee Kiboko. Sasa nyinyi mnajua ngozi ya kiboko. Ukiiweka juani inakauka, ikikauka inapasuka, ikipasuka mwenyewe anakufa. Tunu aliketi mkekani, jua likipanda, na mfereji wa baba yake ukipita hatua chache mbele yake. Akaimba:

*Maji ya baba, nayaona siyagusi.*
*Baba wa maji, namwita haitiki.*

Msimamizi wa msiba alikuwa Korongo, ndege wa shingo ndefu na maneno marefu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwafukuza watani. Ngoja niwaeleze. Ngiri na Kiboko walikuwa watani tangu mababu, kila mmoja akidai mwenzake ndiye mwenye sura mbaya zaidi. Mtani wa kweli ana kazi yake msibani. Anavaa kofia ya marehemu, anashika fimbo yake, anamwigiza alivyotembea na alivyogomba, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Lakini Korongo akasema, "Huu ni msiba wa mkubwa. Hatutaki vichekesho." Bibi Ngiri akazuiwa nje ya ua. Hakurudi kwake. Akakaa pale pale nje, kwenye vumbi, akisikiliza Tunu anavyoimba.

Korongo akasimama kusema wasifu.

"Mzee Kiboko alikuwa baba wa bonde! Alileta maji! Hakukosea neno, hakukosea njia. Hatutampata mwingine mpaka kiama. Ndiye?"

"Ndiye!" wakapaza sauti Korongo wenzake, na Kongoni, na Kanga, na wote waliokunywa maji yale bila kuumia. Wengine walilia kwa kweli. Walimkumbuka wakati wa kiu.

Bi Nungunungu akasimamisha miiba. "Siye! Hakukosea njia? Njia yake ilipita kitandani kwa mwanangu!"

Tanga halikuondoka. Jua likapanda. Mgongo wa Tunu ukaanza kukwaruza kama gome la mti. Akaimba, na sauti yake imepungua:

*Maji ya baba, nayaona siyagusi.*
*Baba wa maji, namwita haitiki.*

Bi Nungunungu akasimama yeye.

"Mzee Kiboko alikuwa mkaidi. Alikuwa mbabe. Ukimwambia ngoja, anakuona adui. Amekufa na pole yangu mdomoni. Hakuna jema alilofanya. Ndiye?"

"Ndiye!" wakaitikia Fuko na Panya Buku na wote wa mashimoni, ambao nao walikuwa na mambo yao.

Safari hii aliyekataa ni Tunu mwenyewe. Alijiinua kwa shida, macho yamejaa machozi, akasema, "Siye! Huyo mnayemtaja simjui. Baba yangu alikuwa akinibeba mgongoni kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo. Nikilala, anasimama katikati ya maji asitingishike, nisije nikaamka. Baba yangu hakumtendea mtu ubaya. Siye, siye!"

Basi ndipo msiba ukageuka soko. Korongo akamtukana Nungunungu. Fuko akamwambia Kongoni kuwa ni chawa wa wakubwa. Waliokuwa wakikopeshana chumvi asubuhi, mchana hawatazamani. Na kila mmoja anampigania marehemu wake, huku binti wa marehemu akikauka mbele ya macho yao.

Kobe akaona asuluhishe. Kobe anapenda usuluhishi maana hauna kukimbia. Akasema polepole, "Jamani, tuseme yale tusiyogombania. Mzee Kiboko alizaliwa, akaishi, akafa. Ndiye?"

Pande zote mbili zikasema kwa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, "Siye!"

"Hata kunguni huzaliwa, akaishi, akafa," akasema Panya Buku.

Kobe akaingiza kichwa ndani, nami simlaumu.

Ngozi ya Tunu ikapasuka begani, damu ikachuruzika juu ya mkeka. Akafungua mdomo aimbe:

*Maji ya baba...*

Hakumaliza. Akalaza kichwa chini.

Huko nje ya ua, Bibi Ngiri aliusubiri wimbo uendelee, hakuusikia. Akainamisha kichwa, akauchana ule ua kwa meno, akaingia mkia juu. Korongo akapiga kelele, "Mtani haruhusiwi!" Bibi Ngiri akamwambia, "Kunja shingo, baba, inaziba upepo." Akaichukua kofia ya ukindu ya marehemu, akaivaa mpaka puani. Akaishika fimbo. Akavimbisha tumbo, akaanza kutembea.

Ee, mngemwona! Alitembea kama Mzee Kiboko mtupu, tumbo mbele, miguu nyuma inafuata kwa hasira. Akapiga miayo ile ya marehemu, ya kuonyesha meno kabla ya kusema neno. Kanga wakaangua kicheko. Hata Fuko akacheka.

"Nimesema nitauleta mto!" akanguruma Bibi Ngiri kwa sauti ya Mzee. Akasukuma hewa kwa kifua, akakanyaga. Akasukuma, akakanyaga. Akaanguka, akainuka, akajifanya hakuanguka.

"Ndiye!" wakasema wa upande wa Korongo, wakifuta machozi.

Akageuka upande mwingine, akauma meno. "Nani kasema ningoje? Mkubwa hangojeshwi!"

"Ndiye huyo!" wakasema wa mashimoni. Na Korongo, kabla hajajizuia, akasema naye, "Ndiye," maana na yeye aliwahi kukemewa hivyo hivyo, tena mbele ya mkewe.

Bibi Ngiri akainama, akajifanya ana mtoto mgongoni. Akatembea taratibu, akasimama, hakutingishika. Tunu akainua kichwa kidogo, akamtazama. Alimwona baba yake pale, kwa mara ya kwanza tangu afe, akalia kwa sauti.

Kisha Bibi Ngiri akashika njia kuelekea alipokuwa Bi Nungunungu. Tumbo mbele, fimbo mkononi. Alipobakiza hatua chache, akasimama. Akavua kofia.

Bi Nungunungu alikuwa amesimama wima, miiba yote imelala. "Endelea," akasema. "Mbona umesimama? Endelea, mtani. Aseme."

"Siwezi, mama."

"Aseme neno moja tu. Aseme pole."

"Hakufika," akasema Bibi Ngiri. "Mimi namwigiza alivyokuwa. Nikimwongezea, huyo atakuwa wangu, si yeye."

Bi Nungunungu alitazama ile nafasi ndogo ya vumbi iliyobaki kati yake na fimbo ya marehemu. Nawaambia, hakuna aliyecheka hapo.

Ndipo Tunu akasema kutoka mkekani, na kila neno likimpasua midomo. "Ni kweli. Nilikuwa naye. Alipanda kilima chako, akafika kwenye ule mti wa mgunga ulio mbele ya shimo lako, akasimama. Nikamuuliza, Baba, mbona hatuendi? Akasema, Nitamwambia nini? Tukarudi. Alipanda tena mwaka wa pili, tukarudi tena. Alipaswa kufika, mama. Hakufika. Huyo naye ni baba yangu. Ndiye."

Bi Nungunungu akakaa chini. Akasema, "Na mfereji ni wake. Nanywa maji yake kila siku. Nanywa nimenuna, lakini nanywa, na hawa wawili waliobaki nimewakuza kwayo." Akafuta uso. "Ndiye."

"Ndiye!" akasema Korongo.

"Ndiye!" wakasema Fuko na Panya Buku.

"Ndiye," akasema Kobe, akitoa kichwa.

Bonde zima likaitikia, na tanga likaanuliwa. Wakamshika Tunu huku na huku, wale wale waliokuwa wakitukanana, wakamburuta mpaka ukingoni, akateleza ndani ya maji. Akazama. Wakangoja. Akaibuka akipumua, damu ikimtoka begani ikaenda na maji. Akapona.

Watu wakatawanyika. Bi Nungunungu hakuondoka. Alipanda kilima chake, hakuingia shimoni, akaketi chini ya ule mgunga, uso ameuelekeza njiani. Bibi Ngiri akamfuata, akamwambia, "Twende ndani, mama, jua linazama. Unamngoja nani?"

"Najua haji," akasema Bi Nungunungu. "Nimemngoja miaka yote hii nikidhani namchukia. Niache nimngoje leo tu."

Bibi Ngiri akaketi kando yake, wakangoja wote wawili.

Basi ndugu zangu, funzo la hadithi hii ni hili. Mkubwa akifa, msimgawane, huyu akachukua mema akakimbia nayo, yule mabaya akakimbia nayo. Mtamkosa nyote. Mwiteni mzima mzima, ndipo mtakapoweza kumlilia na kumzika. Na wewe uliye hai, mwenye pole ya mtu mdomoni, ukifika kwenye mgunga usigeuke. Piga hodi.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipochoka ikakaa. Iliyonoga, ondokeni nayo. Iliyochacha, niachieni mwenyewe, nitaila asubuhi na chai.