Dhakwani na Deni Lililofutwa

Wametusimulia waliotutangulia, na ujuzi kamili ni wa Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba katika mji mmoja wa Yemen uliosifika kwa nguo zake za buluu palikuwa na kijana yatima akiitwa Dhakwani. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtia rangi, na alimwachia kiwanda kidogo chenye mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini hadi shingoni. Kwa kuwa kijana alikuwa hajabaleghe, mali yake ilikuwa mikononi mwa ami yake, Juraihi, mtu wa kuhudhuria msikitini na wa kuhesabu kila kitu, hata kokwa za tende alizoacha mgeni.

Juraihi aliona kiwanda kimelala bila kazi, akaanza kukitafutia mnunuzi. Habari hiyo ilimchoma Dhakwani. Alijua kwamba kiwanda kikiuzwa, kazi ya baba yake itakuwa imekwisha katika mtaa ule, naye atabaki kula kwa ami yake kwa kuhesabiwa matonge. Akaona dawa ni moja, kuifufua mitungi kabla mnunuzi hajapatikana. Lakini mitungi haifufuliwi kwa dua pekee. Inataka nili, ile rangi ya buluu, na nili inataka fedha.

Muuza nili aliyeaminiwa zaidi mjini alikuwa mjane mcha Mungu, Bibi Lubaba. Aliwakopesha watia rangi mwanzo wa msimu, nao wakamlipa nguo zikishauzwa. Mtaji wake wote ulikuwa nili iliyomo dukani, na kwa faida yake alijilisha yeye na dada yake kipofu. Kijana asiyemjua akija kukopa, Bibi Lubaba hakumuuliza miaka, maana wengi wa zama zile hawakuijua miaka yao. Alimuuliza ameshafunga Ramadhani ngapi tangu saumu iwe faradhi juu yake. Ni swali la busara, kwani mtu anaweza kuusahau mwaka aliozaliwa, lakini nani atasahau Ramadhani yake ya kwanza ya faradhi?

Dhakwani alikuwa na miaka kumi na minne, na dalili ya utu uzima hajaiona hata moja. Akajifunga kilemba cha marehemu baba yake, akaitia sauti uzito, akaenda. Alipoulizwa akajibu Ramadhani mbili. Yaani, ndugu zangu, hakutosheka kudanganya umri, akajizidishia na ibada juu yake. Bibi Lubaba alimtazama kitambo, kisha akampimia nili aliyoitaka.

Njia ya mwongo ni fupi. Dhakwani alikuwa amemwona baba yake akiilisha mitungi tende na chokaa, akadhani kuona ndiko kujua. Alipoona rangi inachelewa kuiva aliongeza chokaa, na ilipochelewa zaidi akaongeza tena. Mitungi ikafa yote. Maji yakatoa uvundo, na nguo alizozichovya zikatoka na mabaka ambayo hata fukara hakuyataka. Sheria ilipoizuia mikono ya watoto isifunge mikataba mikubwa haikuwadharau, iliwahurumia, na kijana huyu ndiye shahidi wake.

Msimu ulipokwisha Bibi Lubaba akaja kuchukua haki yake, akamkuta Dhakwani amekaa kando ya mitungi iliyokufa. Akaenda kwa Juraihi. Yule ami alipopata habari hakukasirika hata kidogo, alifurahi. Akamwambia mjane kwamba mtoto hakopeshwi, na aliyemkopesha mtoto amemwaga maji mchangani. Basi jambo likafika kwa kadhi wa mji, Sheikh Abdulmuizi. Siku ya kusikilizwa baraza lilijaa wauza nili na watia rangi, kila mmoja akitaka kujua kama mali yake iko salama na vijana wa mji.

Juraihi alileta mashahidi, wakauthibitisha mwaka aliozaliwa Dhakwani. Alisema kweli tupu siku ile, ila kweli yenyewe aliishika kama mtu ashikavyo rungu. Kadhi akahukumu kwamba mkataba ule haukusimama, kwa kuwa mmoja wa walioufunga alikuwa mtoto. Nili iliyobaki irudishwe kwa mwenyewe, na iliyoharibika haidaiwi kuwa deni. Dhakwani muda wote alikuwa akiutazama mkeka.

Kisha kadhi, aliyekuwa amemhurumia mjane, akamgeukia. Akamweleza kwamba kwa rai yake yeye, muuzaji aliyehadaiwa pasi na uzembe wowote anaweza kufidiwa kutoka katika mali ya aliyemhadaa, hata akiwa mtoto. Kinachotakiwa ni kiapo tu. Aape kwamba siku ile hakuwa na shaka yoyote juu ya umri wa kijana.

Watu wakashusha pumzi. Neno moja, na mtaji wa Bibi Lubaba unarudi. Nani angemlaumu? Yeye ni mjane, uongo haukuwa wake, na shaka hukaa moyoni, mahali ambapo hakuna shahidi awezaye kuingia. Juraihi akaanza kuzikuna ndevu zake.

"Siwezi kuapa, ewe kadhi wetu," alisema Bibi Lubaba. "Nilikiona kile kilemba kimefungwa na mkono usiojua kufunga. Moyo ukaniambia, Lubaba, huyu ni mtoto. Lakini bei ya nili ilikuwa inashuka, nami nilitaka kuuza. Yeye alinidanganya kwa ulimi, mimi nikajidanganya kwa kunyamaza. Silitaji jina la Mwenyezi Mungu ili nirudishiwe kilichopotezwa na tamaa yangu."

Kila nifikapo hapa katika kisa hiki machozi hunilenga, wala sioni haya kusema. Mama yule alikuwa na haki mkononi, akaiachia kwa sababu ilikuwa na doa dogo lisiloonwa na yeyote ila yeye na Mola wake. Sisi tunaapa sokoni kwa ajili ya kibaba cha mtama.

Maneno yale yalimwangusha Dhakwani kuliko hukumu yenyewe. Alisimama mbele ya watu wote akakiri kwamba uongo ulikuwa wake, na kwamba Ramadhani mbili alizozitaja alizizua pale pale mlangoni pa duka. Akamwomba Bibi Lubaba radhi, naye akampa. Kadhi aliipokea kweli yake, lakini hakumwacha bila adabu. Alimwamuru awe akisimama sokoni kila baada ya Alasiri kwa muda wa juma moja, awatangazie wauzaji umri wake, ili asije akanaswa mwingine. Vijana aliokuwa akiwaringia kwa kilemba walicheka hadi mbavu zikawauma. Dhakwani akasimama siku zote alizoamriwa, wala hakukimbia hata moja. Na Juraihi naye akakatazwa kukiuza kiwanda, mpaka mwenye mali atakapobaleghe na kupimwa kama ana akili ya kuitunza.

Miezi ikapita. Bibi Lubaba alifunga duka, akauza vikuku vyake vya fedha, akawa anasokota pamba pamoja na dada yake. Aliyemuuliza hali aliambiwa alhamdulillahi, na mazungumzo yakaishia hapo. Dhakwani alikwenda kwa mtia rangi mmoja mkongwe akawa anamfulia nguo, bila kuomba chochote ila aruhusiwe kutazama chokaa inavyopimwa, na akikosea asahihishwe. Usiku alirudi kwa ami yake na mikono iliyochubuka.

Akatimiza miaka kumi na mitano. Asubuhi yake alikuwa barazani kwa kadhi, akaomba Juraihi na Bibi Lubaba waitwe. Watu wakajaa tena, wakijua kwamba amekuja kudai kiwanda chake. Ami yake pia alijua hivyo, akaja na hoja zake tayari. Kadhi akamuuliza Dhakwani haja yake.

"Ewe kadhi wetu, Mungu akuhifadhi," alisema Dhakwani. "Kalamu ya malaika, isiyomwandikia mtoto makosa yake, ilikuwa imeinuliwa juu yangu, na sasa imeshuka. Nataka jambo la kwanza itakaloniandikia liwe hili: ile nili ya Bibi Lubaba ni deni langu. Nimelikubali nikiwa mtu mzima, na nitalilipa lote."

Juraihi ndiye aliyeinuka kwanza, na uso wake uling'aa, kwa maana alichokuwa akikitafuta kilikuwa kimekuja chenyewe. Akasema deni lile lilifutwa na hukumu ya baraza hili hili. Mtu anayelipa asichodaiwa anaifuja mali yake, na mwenye kuifuja mali ni safihi, mtu asiye na akili ya kutunza mali, hakabidhiwi kitu hata angekuwa na mvi. Basi usimamizi na uendelee. Tumpe haki yake, hoja haikuwa ya kubezwa, na wapo waliotikisa vichwa kuikubali. Dhakwani aliona kiwanda cha baba yake kinamponyoka kwa neno lake mwenyewe, lakini hakulirudisha.

Kadhi akatabasamu. "Juraihi, nimeamrishwa kumjaribu yatima kabla ya kumpa mali yake, na kwa miezi nilikuwa nikijiuliza nimjaribu kwa lipi. Sheria imemkinga, naye ametoka mwenyewe katika kinga hiyo ili mjane asidhulumike. Kama huyu hana akili ya mali, basi soko letu lote ni la wendawazimu. Mpe funguo."

Juraihi akazifungua funguo kiunoni mbele ya watu wote, na barazani ikapigwa takbira iliyosikika hadi kwa wauza kuni. Bibi Lubaba alilia waziwazi kwa furaha. Wale wale waliokuja siku ya kwanza wakiiogopea mali yao wakaanza kusimama mmoja baada ya mwingine, huyu akimwahidi Dhakwani nili, yule chokaa, mwingine majora ya nguo, na wote kwa mkopo. Akawashukuru, akachukua kiasi alichojua ataweza kukilipa. Nguo za kwanza zilizotoka katika mitungi ya baba yake zilikuwa buluu safi, na fedha yake yote ilikwenda kwa Bibi Lubaba, kwani dawa ya deni ni kulipa. Duka lake likafunguliwa msimu uliofuata, na Mungu akalibariki kuliko mwanzo.

Enyi ndugu, sheria ilimwondolea mtoto mzigo, na ilifanya uadilifu. Imani ndiyo iliyomrudisha kuuchukua alipopata mabega. Sisi kalamu yetu ilishuka zamani, na wengi wetu hatujui iliandika nini siku ile ya kwanza. Lakini ingali inaandika.