Msimamizi wa Kokugonza

Enzi za wamisionari, asiyebatizwa hakufungishwa ndoa kanisani. Ndipo Rwegoshora, mgane tajiri aliyekwisha kumposa kwa nguvu Kokugonza, binti ambaye hajabatizwa, alipofoka: "Basi abatizwe Jumapili hii hii!"

Kokugonza alikuwa akimchukia mzee huyo, lakini alipiga goti. "Sina msimamizi wa ubatizo, mzee. Nani parokiani ana heshima kama yako?"

Rwegoshora akavimba kichwa. Jumapili alivaa kanzu mpya, akamshika binti bega mbele ya waumini, akaitikia kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima.

Ibada ilipokwisha, akamwambia padre, "Sasa tangaza ndoa yetu."

"Ndoa gani?" padre alishangaa. "Kanisa linakataza msimamizi kumwoa mtoto wake wa ubatizo!"

Kokugonza akamwinamishia Rwegoshora kichwa. "Shikamoo, baba."