Nafasi Tano Tupu

Habari hii aliisimulia kwanza shangazi yetu Naelijwa, tarehe 27 Desemba 2019, ukoo wetu ulipokuwa umekusanyika Upareni kwa Krismasi. Baadaye nilimsikia akiirudia mara mbili, na hakuongeza wala kupunguza. Nami nitajitahidi hivyo. Majina ya wengine sitayataja. Mkiwatambua, nyamazeni.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye binti wa miaka minne. Mtoto alikuwa mzima wa mwili, lakini hakuwahi kumtazama mtu usoni. Ukimwita jina lake, hageuki. Ukimwonyesha ndege kwa kidole, anatazama kidole. Wapo waliosema ni kiziwi, ila akisikia pakiti ya biskuti ikifunguliwa chumba cha pili, alikuja mbio. Hospitalini wakasema mtoto ana usonji, wakamwelekeza mama kwenye kituo kimoja mjini.

Pale kituoni mwalimu alimwazima kishikwambi chenye programu ya kufundishia watoto wa namna hiyo. Nitaieleza, maana bila kuielewa hamtaelewa kilichotokea. Unarekodi uso wa mtu anayeishi karibu na mtoto. Uso ule unatokea kwenye kioo na kumwita mtoto kwa jina. Mtoto akigusa macho yake, uso unacheka na kumpigia makofi. Akishazoea, uso unageuza macho kutazama kitu, tuseme kikombe au mpira, na mtoto anatakiwa aguse kile kinachotazamwa. Hivyo anajifunza taratibu kwamba macho ya mtu yanasema jambo.

"Lakini hiki siyo cha kumnyamazishia mtoto, mama," mwalimu alimwambia. "Humu mna nafasi sita za nyuso. Jaza zote. Na kila mwenye uso aje mwenyewe, dakika kumi kila siku. Mtoto akishamgusa kwenye kioo, ondoa kioo, yeye akae palepale kilipokuwa, amwite kwa sauti ileile. Kioo kinaanza, mtu anamalizia."

Mama alijaza nafasi ya kwanza kwa uso wake. Ilichukua wiki tisa. Asubuhi moja, wakinywa chai, alikitazama kikombe kilichokuwa upande wa pili wa meza na hakusema neno. Mtoto akamtazama machoni, akayafuata macho yake, akakichukua kikombe na kumpa. Mama akatoka nje kumwambia jirani.

"Kwa hiyo amekupa kikombe," jirani akasema. "Halafu?"

"Halafu hakuna. Amenipa kikombe." Akarudi ndani analia.

Mwezi huohuo aliambiwa ana saratani ya kizazi, na kwamba imekwisha kusambaa.

Ndugu yangu, wewe ungefikiria nini kwanza? Yeye alifikiria zile nafasi tano. Aliona wazi kwamba akiondoka, mtoto atabaki hana hata mtu mmoja wa kumtazama. Akakitia kishikwambi kwenye mkoba, akaanza kuwazungukia jamaa.

Alianza na mumewe. "Mimi ananijua," mume alisema. "Nikirudi tu shamba, huyo mlangoni."

"Anazijua buti zako, baba watoto. Macho yake hayajawahi kupita magoti."

Mume akacheka, akamwambia asubiri tangawizi ivunwe.

Akaenda kwa mama mkwe. Bibi yule alifunika mdomo kwa kanga. "Kwa meno haya matatu, mwanangu? Mtoto atakimbia mpaka Same."

"Akikimbia ni vizuri, mama. Tutajua kwamba amekuona."

Bibi alicheka sana, lakini uso hakuutoa.

Akaenda kwa wifi yake. "Wifi, mimi nampa andazi haniangalii, ndiyo aje aniangalie kwenye kioo? Ukimaliza hilo darasa lako la macho, umfundishe na kuosha vyombo."

"Andazi halimwiti jina, wifi."

"Haya, nitakuja." Hakuja.

Shangazi Naelijwa mwenyewe alisema macho yake hayapatani na vitu vya mwanga. Hilo alilisema waziwazi kila alipotusimulia, wala hakujitetea. Wa tano alikuwa kaka wa yule mama, mtu wa kazi za kanisa. "Dada, Pasaka hiyo hapo," alisema. "Nina kwaya, nina semina. Tukishafufuka, nitakuja." Na dada akacheka, kwa sababu alimpenda kaka yake.

Pasaka mwaka ule ilikuwa tarehe 21 Aprili. Mama alifariki tarehe 10 Mei. Zilipita siku kumi na tisa.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa uani, na kama ilivyo desturi lilikuwa na kioo kidogo upande wa uso ili watu waage. Baba alimbeba mtoto katika mstari. Mtoto alikuwa akijinyonganyonga, kwa sababu hakupenda kelele wala kushikwashikwa. Walipofika kwenye jeneza akatulia. Akainama kutoka mikononi mwa baba yake, akamtazama mama yake usoni, mbele yetu sote, kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole kimoja na kugusa kioo, juu ya macho.

Akangoja.

Akagusa tena. Jicho moja, halafu la pili, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Mstari ulisimama. Bibi akamwita kwa jina. Hakugeuka. Wifi akamwita, mjomba wake akamwita, shangazi Naelijwa akamwita akiwa hatua moja kutoka kwake. Baba, aliyekuwa amembeba, akamwita sikioni. Watu watano walimwita mtoto yule, na hakumgeukia hata mmoja. Kwake sisi tulikuwa sauti za watu asiowajua.

Fundi wa jeneza akashusha kifuniko juu ya kioo. Wapo wanaosimulia kwamba mtoto alilia. Hakulia. Nilimuuliza shangazi, naye akaniambia kile ambacho nami nilikiona: mtoto alikitazama kifuniko jinsi alivyozoea kukitazama kishikwambi kilichoishiwa chaji. Alikuwa anangoja kichajiwe.

Baada ya kuzika, mtu mmoja aliyedhani anamsaidia mtoto alikiwasha kile kishikwambi na kumpa. Sauti ya marehemu ikaita jina la mwanawe sebuleni. Mtoto akagusa macho. Mama akacheka na kumpigia makofi. Nasi tuliokuwemo tukanyanyuka mmoja mmoja, tukatoka nje. Hatukuweza kuvumilia. Mtoto tukamwacha pale peke yake na kioo.

Sasa niwaulize. Ni nani kati ya wale watano aliyemchukia mtoto? Hakuna. Walimletea maziwa, walimletea nguo, walimwombea. Naikumbuka siku hiyo ya maombi. Tulimzunguka, tukamwekea mikono kichwani, tukamwomba Mungu amfungue mtoto huyu awatazame watu. Na tulipokuwa tukiomba hivyo, sisi wote tulikuwa tumefumba macho.

Wapendwa, kila Jumapili, kabla hatujatoka humu, tunasimama kupokea baraka, na katika baraka ile tunamwomba Mungu atuelekezee uso wake. Tunaona ni haki yetu. Hatuulizi kama ana nafasi, wala hatumwambii aje baada ya mavuno. Lakini alipokuja mama anayekufa, akaomba nyuso zetu kwa dakika kumi, tulimjibu kwa utani. Tulikuwa tayari kutoa kila kitu kinachoweza kubebwa mkononi na kuachwa mlangoni. Alichoomba kilitutaka tukae chini mbele ya mtoto asiyetujali, tumwite, asigeuke, na kesho yake turudi tumwite tena. Hilo ndilo lililotushinda. Si ugumu wa programu. Ni ile aibu ya kutotazamwa. Mtoto alikuwa ameivumilia aibu hiyo kutoka kwetu tangu azaliwe, sisi tukashindwa kuivumilia wiki tisa.

Nimesema sisi. Mjomba yule ni mimi.

Je, katika nyumba zetu hakuna anayengoja? Hakuna mtoto tuliyempa simu ili atulie, tukasema ana mwalimu? Usiniambie unampenda. Niambie jana ulikaa mbele yake dakika ngapi, na ulipoondoka, ni nani aliyekaa mahali pako.

Namalizia kwa kuwataja walivyo leo, kama shangazi alivyokuwa akimalizia. Mama alifariki, nimekwisha kusema. Mama mkwe alifariki mwaka 2022. Shangazi Naelijwa alimchukua mtoto baada ya msiba, akakubali kurekodiwa, akakaa mbele yake kila siku kwa mwaka mmoja na nusu mpaka mtoto alipomtazama. Naye alifariki Agosti mwaka jana. Mume yuko hai. Wifi yuko hai. Mimi niko hai. Hii ni wiki ya sita nakaa mbele ya mtoto, na bado hajanitazama.

Mtoto yuko hai.