Salamu Alizobeba Kinyonga

Sogeeni karibu, na wewe unayepiga miayo kaa wima, maana ukisinzia mimi sirudii. Palikuwa na bonde, na bonde hilo lilikauka. Mvua iligoma. Dimbwi la mwisho lilibaki tope, na Fisi, mlafi yule, akalilamba hata tope lenyewe. Watoto wa wanyama walilia kiu mpaka sauti zikawakauka.

Simba akaitisha mkutano. "Mimi siombi maji kwa mtu," alisema akitikisa manyoya ya shingo. "Mimi huombwa. Lakini ng'ambo ya nyika kuna ziwa la Bi Kiboko. Atakayetuletea ruhusa ya kunywa kule, atakunywa wa kwanza baada yangu."

"Mimi hapa!" Sungura aliruka. "Kabla hamjamaliza kunipigia makofi nitakuwa nimesharudi."

"Na mimi," ikasema sauti kutoka kwenye kijiti.

Walitazama, wasione mtu. Wakatazama tena. Kumbe ni Kinyonga, amekuwa kijivu kama kijiti chenyewe. Vicheko vilivyofuata, wee! Sungura alijishika mbavu. "Huyu? Kila hatua anaiomba ardhi ruhusa kwanza! Halafu huko utajitambulishaje, bwana, na hata rangi yako mwenyewe huijui?"

Hilo lilimchoma Kinyonga, maana lilikuwa kweli. Kwenye majani alikuwa kijani, kwenye mchanga alikuwa rangi ya mchanga, na akijiuliza yeye ni nani hasa, hakupata jibu. Lakini wanawe nao walikuwa na kiu. Akashuka, akayumba mbele, akayumba nyuma, akaweka mguu. Akaondoka.

Sungura alishatoweka kitambo. Alikata njia katikati ya nyasi za Kware, akasikia kitu kikipasuka chini ya mguu, pwaa, wala hakugeuka. Akakatiza kichakani kwa Mama Digidigi, akakuta maji kidogo kwenye shimo la jiwe, akayanywa yote, akajifuta mdomo. Alifika ziwani jua bado liko juu. Bi Kiboko alikuwa majini, macho na pua tu nje.

"Nimetumwa na Simba, tunataka ruhusa ya kunywa," Sungura alisema. Hata shikamoo hakutoa.

"Umepita nyikani?"

"Nimepita."

"Salamu zao ziko wapi?"

"Salamu gani?"

"Za watu uliopita kwao. Mgeni wangu huja na salamu za njiani. Anayepita milangoni kwa watu asitake kujua hali zao, na ziwa langu atalifanya hivyo hivyo, alichafue aende zake. Rudi ukazilete." Akazama, chubwi.

Haya sasa! Sungura alirudi, lakini kurudi kote hakutaka, na kwa Kware alikuwa na sababu zake. Akajibanza nyuma ya kichuguu, akamngoja Kinyonga.

Kinyonga alikuwa wapi? Ukingoni mwa nyasi za Kware, mguu mmoja hewani. "Hodi," alisema. Akangoja. "Hodi tena."

"Karibu, baba. Ila pita pembeni, nina mayai."

Akapita pembeni, akaketi, akauliza hali. Kware alieleza yote, na kadiri alivyoeleza ngozi ya Kinyonga ilizidi kuwa ya manjano, rangi ya nyasi zile. "Nisalimie Bi Kiboko," Kware alimwambia. "Mwambie bado nalalia. Na kuna neno jingine, hilo mwambie yeye peke yake." Akamnong'oneza, machozi yakimlengalenga.

Kwa Mama Digidigi alipiga hodi pia. Hawakuwa na maji ya kumpa, wakampa kivuli. Alikaa nao mpaka jua likapungua ukali, na kijivu cha kichaka chao kikamwingia.

"Hebu mtazameni!" Mama Digidigi alicheka, na hakuwa amecheka tangu ukame uanze. "Wengine hutuachia vumbi. Wewe umekaa kidogo tu, umeshakuwa wa hapa hapa."

Kinyonga alifurahi mpaka akasahau kuyumba. Kule nyumbani jambo hilo hilo waliliita kasoro. Akapewa salamu, na hapo pia akapewa neno la kunong'onezwa.

Kwenye kichuguu Sungura alimrukia kwa mikono miwili. "Ndugu yangu! Pole na safari. Wanasemaje huko, hawajambo?"

Kinyonga hakujua kumnyima mtu habari za wenzake. Akamweleza salamu zote, isipokuwa yale maneno ya siri. Hajafunga mdomo, Sungura akawa vumbi. Ndipo Kinyonga alipojua kwamba amechezewa, na roho ikamuuma sana. Lakini alikuwa ameahidi kuzifikisha. Akaweka mguu.

Ziwani, Bi Kiboko alikuwa amezama, akamngojesha Sungura muda mrefu kabla ya kuibuka. Kinyonga alipokaribia, Sungura alikuwa ndiyo kwanza anamalizia. "Kware anakusalimu, Digidigi anakusalimu, wote wazima kabisa."

"Wazima? Kwa ukame huu hakuna hata mmoja mwenye dukuduku?"

"Hakuna, Bibi."

Bi Kiboko alikuwa karibu kuitikia kwa kichwa, mara ikasikika, "Hodi!"

"Karibu."

"Shikamoo, Bibi. Nimetoka bonde moja na Sungura. Kware anakusalimu..."

"Hizo zimeshafika!" Sungura alidakia. "Huyu ananiiga tu, ndiyo kazi yake!"

"Basi lipo neno la siri, Bibi, kuhusu mpita njia mmoja. Naomba nilisemee sikioni."

"Mwongo huyo!" Sungura alipayuka. "Lile yai lilikuwa katikati ya njia! Na yale maji hayakuwa hata na mfuniko!"

Bi Kiboko akatoka majini taratibu, tumbo lote.

"Nani ametaja yai?"

Masikio ya Sungura yakalala.

Bi Kiboko akainama, akanong'onezwa, akanyanyuka. "Ruhusa nampa huyu. Bonde zima mje mnywe, na njiani mpige hodi. Wewe Sungura, utarudi nyuma ya Kinyonga, kwa mwendo wake, usimpite hata kwa pua. Utampelekea Mama Digidigi kibuyu cha maji. Kwa Kware utaomba radhi, na asipokwambia karibu, simama hapo hapo."

Kisha akamgeukia Kinyonga. "Na wewe, mwanangu, rangi yako hasa ni ipi?"

Kinyonga alijitazama majini. Manjano ya nyasi ilikuwepo, na kijivu cha kichaka, na wekundu wa kichuguu ulikuwa umeanza kumwingia.

"Nilidhani sina, Bibi," alisema. "Kumbe nilikuwa sijatembea."

Basi bonde lote likaenda kunywa. Simba alikunywa wa kwanza, lakini mlangoni kwa Kware naye alipiga hodi, kwa sauti ndogo, akitazama pembeni. Sungura je? Kware hakumwitikia upesi. Ukimkuta leo nyikani amesimama ghafla, masikio juu, usidhani ameona adui. Anasikiliza kama ameshaambiwa karibu.